Mguu wa Mama Mkwe Juu ya Breki

Ukitaka kujua kama busta ya gari lako, ule mtungi unaousaidia mguu kwenye breki, ni nzima, usiniletee mashine yenye kioo na taa. Zima injini. Kanyaga breki mara nne, mara tano, mpaka pedali iwe ngumu kama kisiki. Sasa acha mguu hapo hapo, kwa uzito ule ule, uwashe injini. Pedali ikizama kidogo chini ya mguu, busta ni nzima. Isipozama, shuka ukatafute ubovu. Na kama uko juu ya mlima, shuka hadi bondeni kwa miguu yako.

Hilo ndilo somo lote. Wenye haraka wanaweza kwenda zao. Ninyi mnaobaki, wajukuu zangu na vijana wa gereji mnaonicheka kwa kuwa kila gari lazima nilikanyage breki kabla sijapanda, nitawaambia kwa nini natembea nikiinua kidole gumba cha mguu wa kulia. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu nusu yenu mmezaliwa ng'ambo ya ziwa, Kibemba chenu kinachechemea kuliko mimi.

Miaka ya hamsini nilikuwa fundi hapa Nchelenge, kwenye gereji ya bati iliyotazamana na ziwa Mweru. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili na kiburi cha watu watatu. Malori yalikuja kuchukua samaki, yakarudi na chumvi, vitambaa na ulezi. Mkubwa wangu alikuwa Tata Kabaso, mtu mfupi aliyejifunza ufundi kwenye magereji ya Katanga. Alivuka ziwa kuja kwetu na sanduku la spana na hasira ya nyuki. Hakuwa na Kibemba, nasi hatukuwa na Kifaransa, basi pale gereji tulisema Kiswahili cha ziwani. Wanawake wauza samaki nao walikijua vizuri, maana walinunua na kuuza mpaka Kilwa, ile ya Katanga ng'ambo ya ziwa, si ya pwani.

Wakati huo busta ilikuwa kitu kigeni. Malori ya zamani hayakuwa nayo. Dereva alisimamisha tani tatu kwa paja lake mwenyewe, ndiyo maana madereva wa zamani walikuwa na mguu mmoja mnene. Kisha likaja lori la petroli lenye mtungi wa bati tumboni, na bomba la mpira kutoka kwenye mtungi mpaka injini. Dereva alikanyaga kidogo tu, lori likapiga magoti. Wengine walisema mle ndani mna mzimu. Mimi nilisema mna upepo uliobanwa, kama kwenye gurudumu. Wao walikosea kwa ujinga, mimi nilikosea kwa elimu, na kosa la elimu ndilo lenye gharama.

Siku moja bomba lile lilipasuka. Tata Kabaso akaliangalia, akatikisa kichwa.

"Musonda, ile tuyo usiiguse. Mi naenda Kilwa kutafuta ingine. Nikirudi njo tutaifunga. Umesikia?"

"Nimesikia, tata."

"Umesikia na masikio ama na mudomo?"

Nilicheka. Akapanda mtumbwi, akaenda.

Sasa sikilizeni shida yangu. Nilikuwa nimeposa. Binti aliitwa Chanda, na kama mnataka kujua uzuri wake, muulizeni nyanya yenu, atawaambia bila aibu. Mama yake alikubali. Lakini kwetu, mwenye neno la mwisho ni mjomba, kaka wa mama, na mjomba alikaa Kawambwa, juu ya mlima. Lazima mama wa binti, Bana Chanda, apande kwenda kuomba kibali, na arudi na magunia ya ulezi kwa ajili ya pombe ya harusi. Mwenye lori alikubali kutupa lori lile kwa siku moja, siku ya Alhamisi tu. Dereva wake alikuwa kitandani na malaria, na mimi nilijua kuendesha. Tata Kabaso alikuwa bado Kilwa. Ningeikosa Alhamisi ile, nani angejua ni lini mjomba angekuwa tena na moyo mweupe?

Ukutani pa gereji palining'inia baiskeli iliyoletwa kuzibwa pancha. Ya nani, sikuuliza. Tata Kabaso ndiye aliyeipokea. Nikavua mpira wake wa ndani, uliokuwa na kiraka chekundu, nikakata kipande chenye kiraka hicho hicho kwa kuwa ndicho kilichokuwa kizito, nikakivika pale pa bomba, nikakaza kwa waya. Nikakipima pia! Msiseme sikupima. Nilikitia pampu kikavimba, nikakipaka mate, hakuna povu hata moja. Nikajiambia: Musonda, wewe ni bingwa, Tata Kabaso atarudi na tuyo yake akute umemaliza.

Basi Alhamisi tukaondoka. Mnajua mila yetu: mkwe hamtazami mama wa mke wake, hamgusi, hasemi naye, hali naye, wala hapiti mlango mmoja naye, mpaka siku atakapoingizwa rasmi, na siku hiyo inaweza kuchukua miaka. Bana Chanda akapanda nyuma. Mbele tulikuwa mimi na mshenga, Ba Mwape, mzee mrefu aliyependa mdomo wake mwenyewe. Kupanda mlima hakuhitaji breki, kila kitu kikaenda salama. Mjomba alikubali. Aliniona kwa mbali, akasema nina mikono ya mtu wa kazi. Tukapakia magunia kumi na mbili ya ulezi. Moyo wangu uliimba.

Tulipoanza kurudi, mvua ikamwagika. Bana Chanda akawa analoa juu ya magunia, mama mtu mzima. Ba Mwape akasimamisha safari, akatoa hukumu: mvua haijui mkwe. Mama aingie mbele, akae dirishani. Yeye Ba Mwape akae katikati awe ukuta. Ndivyo tulivyokaa. Mama akajifunika kitenge kichwani akageukia dirisha lake, nami nikakaza macho barabarani. Na maneno yakapita kwa mshenga.

"Ba Mwape, mumwambie mukwe: hii ni bulezi tunabeba, haiko mawe. Apite polepole."

"Mukwe, mama anasema upite polepole."

"Mumwambie mama, nimesikia."

"Mama, amesikia."

Mnaujua mteremko wa kutoka Kawambwa kushuka Mbereshi. Leo una lami. Zamani ulikuwa udongo mwekundu, na mvua ikinyesha ulikuwa sabuni. Kona ya kwanza nikakanyaga, lori likatii. Kona ya pili likatii. Kona ya tatu likatii kwa kunung'unika. Kona ya nne nikakanyaga, na pedali ikanijibu kama ukuta wa kanisa.

Nikajaribu kurudisha gia ya chini. Gia zikasaga meno, zikakataa, nikabaki bila gia kabisa. Hendibreki nikaivuta, ile ilikuwa pambo tu. Lori likaanza kukimbia.

"Ba Mwape, freni imekataa!"

Na Ba Mwape, kwa mazoea ya siku nzima, akageuka:

"Mama, mukwe anasema freni imekataa."

"Mumwambie akanyage!"

"Mukwe, mama anasema ukanyage."

"Minakanyaga!"

"Mama, anasema anakanyaga."

Hapo ndipo maneno yakamfikia yeye mwenyewe. Akatazama mbele, akaona kona ya tano na upande wa pili wa kona hapana kitu, ni hewa tu na mbali kule chini ziwa dogo la Mofwe linang'aa. Akaomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kusikia, akapanda juu ya magoti ya mama, akafungua mlango, akaruka. Ukuta wetu ukaenda zake majanini.

Tukabaki wawili. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya pedali, makalio hewani, mikono imeng'ang'ania usukani. Kwa heshima nilitaka kugeuza uso. Kwa bahati nikakumbuka kwamba naendesha. Mama hakusema nami. Hata pale hakuvunja mila. Alisema na lori.

"We lori! Simama!"

Kisha akajifunika kitenge uso mzima, akasogea katikati, akainua mguu wake wa kulia na kuukita juu ya mguu wangu. Vijana, huyu alikuwa mwanamke aliyebeba vikapu vya samaki kutoka ufukweni kila asubuhi tangu ujana wake. Nilisikia kidole gumba kikilia kama muwa. Lakini pedali ikashuka. Ilishuka kidogo, kisha ikashuka tena. Magurudumu yakashika, lori likateleza upande, likaguna, likasimama, gurudumu la mbele limezama kwenye mtaro. Hatua tatu zaidi tungeonana na Mofwe kwa karibu.

Mguu wake ulikuwa bado juu ya wangu. Kisha akauondoa taratibu, akashuka, akaenda kusimama kwenye mvua.

Nikafungua boneti. Kile kipande cha mpira wa baiskeli kilikuwa kimelala bapa kama ulimi wa ng'ombe, kimejibana chenyewe, hata nzi asingepita ndani. Kiraka chekundu kilinitazama. Bado sikuelewa, lakini nilielewa kwamba ni mimi. Ni mikono hii ya mtu wa kazi iliyotaka kumuua mama wa Chanda. Nililia, siwafichi, nikajifanya ni mvua. Bana Chanda alikuwa amesimama hatua chache nyuma yangu, kitenge kichwani. Nikadhani anatazama bonde. Nikaking'oa kile kipira, nikakitia mfukoni, nikaziba tundu la injini kwa kigunzi cha mahindi, nikalirudisha lori nyuma mpaka likatoka mtaroni, nikashuka mlima mzima kwa gia ya kwanza. Mama na mshenga walifuata kwa miguu, mshenga akichechemea na kumweleza mama jinsi alivyoruka ili kupunguza uzito.

Siku ya nne mjomba alishuka kutoka Kawambwa. Habari zilikuwa zimefika, na Ba Mwape alikuwa amezikolezea chumvi. Tukakalishwa uani, mimi upande mmoja nimeinamisha kichwa, Bana Chanda upande wa pili nyuma ya mkeka uliosimamishwa. Chanda alikuwa jikoni, nilimsikia akiacha kutwanga ili asikie. Kama mjomba angerudisha neno lake, yule binti asingekuwa wangu tena, na ninyi msingekuwa hapa mkinicheka.

Mjomba aliuliza mambo mawili.

"La kwanza. Ni kweli mukwe aligusana na mama mukwe yake mu lori?"

Nikasubiri Ba Mwape aseme. Bana Chanda akamtangulia, kutoka nyuma ya mkeka, akimwita kaka yake yaya, yaani kaka mkubwa.

"Yaya, mi nilikanyaga freni. Kama chini ya muguu yangu kulikuwa kintu, sikuone, nilifunika macho. Muulize Ba Mwape kama yeye aliona. Lakini Ba Mwape alikuwa mu majani."

Watu wakacheka mpaka mjomba mwenyewe akaficha meno. Ba Mwape akakohoa.

"La pili," mjomba akasema, na sasa hakucheka. "Nani alitengeneza ile lori?"

Maji yalinifika shingoni. Nikafungua mdomo. Naapa nilikuwa naenda kusema kweli, ingawa sijui ningeisema nusu au nzima. Lakini sauti ya nyuma ya mkeka ikanikata tena.

"Machuma inachokaka, yaya. Hata weye unachoka. Mumutoze mukwe kuku moja, tumalize, ile bulezi ililoa inaanza kuota."

Na kweli, ulezi uliolowa ulikuwa unachipua kwenye magunia, na pombe haingoji kesi. Nikatozwa kuku. Harusi ikapangwa. Nikatoka pale nikichechemea na kujiambia: Musonda, umepona, hakuna anayejua.

Tata Kabaso alirudi kutoka Kilwa na tuyo mpya begani. Aliona kigunzi cha mahindi kwenye injini, akaona baiskeli ukutani na gurudumu lililolegea, akaniangalia mguu. Hakuniuliza kitu. Hiyo ndiyo iliyoniogopesha. Akangoja mpaka siku ya harusi.

Siku hiyo wazee walikaa kuzunguka kibuyu cha katubi, ile pombe nzito ya ulezi inayomiminiwa maji ya moto na kunywewa kwa mrija wa tete. Watu wa misheni, waliokataza pombe, walijitia hamnazo. Tata Kabaso akaniita, bwana harusi, nikiwa na koti la kuazima. Akanipa bua la jani la boga lililonyauka, lile lenye tundu katikati.

"Kunywa na hii."

Nikaweka bua kwenye pombe, nikavuta. Bua likajibana, halikupita kitu. Nikavuta kwa nguvu zaidi, likajibana zaidi. Wazee wakaniangalia kwa huruma, bwana harusi asiyejua kunywa.

"Sasa pulizia mu ile bua."

Nikapuliza. Pombe ikatoa mapovu, bua likavimba vizuri.

"Umeona? Ukipulizia, inavimba, unasema mi niko fundi. Ukivuta, inakufa." Akanipa tete gumu. "Kunywa sasa. Na uniambie, nani anapandishaka pombe? Mudomo yako?"

"Ndiyo, tata."

"Mpumbafu. Mudomo yako inaondoa tu mupepo mu mulija. Mupepo ya inje, hii yote ya mbingu, njo inakalia juu ya pombe na kuisukuma. Injini nayo ni mulevi, inavutaka, haipuliziake."

Vijana, hapo ndipo nilipoielewa busta, kinywa kimejaa katubi. Mle mtungini hamna upepo uliobanwa. Mna utupu. Mtungi umegawanywa katikati kwa ngozi ya mpira, na injini inanyonya hewa pande zote mbili. Ukikanyaga pedali, mlango mdogo unafunguka na hewa ya nje inaingia upande mmoja tu. Inakuta upande wa pili hamna kitu, inaisukuma ile ngozi, ngozi inasukuma fimbo, fimbo inasukuma mafuta ya breki. Hewa hii hii ya bure tunayovuta ndiyo mguu wa pili. Na kuna kizuizi kidogo kwenye bomba kinachofungia utupu mtungini, ndiyo maana hata injini ikizimwa unapata mikanyago miwili, mitatu ya msaada, kisha basi. Mimi nilipata mitatu. Lile bomba langu lilipopata joto la injini likalainika, likajibana, na mtungi haukunyonywa tena. Breki zenyewe zilikuwepo. Kilichokosekana ni msaidizi, na msaidizi alikuwa amekaa dirishani na kitenge.

Kwa hiyo bomba la busta liwe gumu, msije mkaweka mpira wowote unaobonyea kwa vidole. Na wale mnaozima injini mteremkoni mpate kuokoa petroli, hesabuni mikanyago yenu vizuri.

Nililaza kichwa begani kwa Tata Kabaso nikamshukuru, katubi ilikuwa imeanza kufanya kazi. Akaniambia niende kwa mke wangu. Wiki iliyofuata nikataka kupanda baiskeli yangu, nikakuta gurudumu lake la mbele limelegea. Nikafungua tairi: lilikuwa na majani makavu tu ndani yake, hakuna mpira. Nikamuuliza Tata Kabaso nani amefanya hivi. Akasema panya. Nikaangalia ukutani, ile baiskeli ya pancha ilikuwa imekwisha chukuliwa na mwenyewe. Nikaenda kununua mpira mwingine, maana mwenye kosa haulizi sana.

Miaka ikapita. Tulizaa watoto watatu. Bana Chanda aliendelea kukaa nyuma ya milango na vitenge, nami niliendelea kupita njia ya mbali nikimwona sokoni. Akinihitaji, alituma mtoto. Nilipougua, uji ulikuja, yeye hakuja. Nikampenda hivyo hivyo, kwa kisogo. Siri ya mtungi aijuaye kata, nami nilidhani mtungi huu kata yake ni mimi peke yangu.

Hatimaye wakaamua kuniingiza. Ni siku mkwe anapoitwa nyumbani kwa mama mkwe, anapikiwa vyakula vyote alivyokatazwa, na mila inafunguliwa: kuanzia hapo anaweza kumtazama na kusema naye kama mwana na mama. Nyumba ilijaa. Ba Mwape alikuwepo, mzee sana, bado anasimulia alivyoruka. Nikakalishwa juu ya mkeka. Bana Chanda akaja akakaa mbele yangu, akashusha kitenge, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza. Alikuwa na macho ya Chanda kabisa. Watu wakanyamaza kusikia baraka.

Akainama karibu na sikio langu, akasema kwa sauti ambayo wengine hawakusikia:

"Mukwe. Ile mupira ya kinga yangu, yenye kiraka kyekundu. Uliipeleka wapi?"

Kinga, kwa wasiojua Kiswahili chetu, ni baiskeli.

Aliuona mpira ule pale mlimani, kwenye mvua. Alijua ni mpira wake, alijua ni mikono ya nani iliyouweka pale, na kesho yake na keshokutwa alijua, na siku ya nne alikaa nyuma ya mkeka mbele ya kaka yake akajua, akasema machuma yanachoka.

"Iko ku nyumba, mama," nikasema. Hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza kwake. "Niliichunga."

"Muzuri. Uichunge tena." Akanitia tonge la kwanza mdomoni kwa mkono wake. "Siku utapandisha sauti ku mutoto wangu, nitakuya kuiomba mbele ya batu bote."

Watu wakapiga vigelegele wakidhani nimebarikiwa, na kweli nilikuwa nimebarikiwa. Hakuja kuiomba mpaka alipotutoka. Lakini kila nilipopandwa na hasira ndani ya nyumba hii, nikafungua mdomo kumfokea Chanda, nilisikia mguu mzito ukikaa juu ya wangu, nikanyamaza.